"Wameshaiona Video, Wameelewa"

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa mwalimu kijana wa fizikia, mchapakazi kwelikweli: "Mada ya kani nimeimaliza, mzee wangu. Nimewawekea video, wote wameelewa." Nikamwomba arushe mpira juu mbele ya darasa, awaulize: ukishatoka mkononi, na bado unapanda, unasukumwa na kani gani? Wengi wakajibu, kani ya mkono. Na video ilikuwa imetamka waziwazi kwamba, ukiacha upinzani wa hewa, iliyobaki ni kani ya mvutano tu, nayo inavuta chini.

Si uzembe wa watoto. Derek Muller aliuchunguza ugonjwa huu huu katika utafiti wake wa uzamivu, Chuo Kikuu cha Sydney, 2008. Video yenye maelezo safi wanafunzi waliisifu, lakini alama zao hazikusogea sana. Ile iliyoanza na makosa yao wenyewe na kuyapinga wakasema inachanganya, ila alama zikapanda. Mwenye imani yake tayari akisikia maelezo laini huitikia kwa kichwa, akatoka na kilekile alichoingia nacho.

Kwa hiyo simamisha video kabla ya jibu. Kila mmoja aandike utabiri wake daftarini, kwa kalamu ya wino asije akaufuta, abishane na jirani dakika mbili, ndipo uendelee. Mwalimu asiyegusa kitufe cha kusimamisha anaonyesha sinema.

Dhana nyingine potofu kuhusu video nazipitia mbiombio. Eti video ndefu ndiyo iliyokamilika: Philip Guo na wenzake walipochambua kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, 2014, waligundua kuwa watazamaji wengi hawavuki dakika 6, hata video ikiwa ndefu kuliko hapo. Eti bila intaneti shuleni haiwezekani: pakua ukiwa mjini, weka kwenye flashi, basi. Eti video zitamnyang'anya mwalimu kazi: Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado, walianza kurekodi masomo 2007 kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi, na, maelezo yakiwa yamehamia kwenye video, wakajikuta na muda zaidi wa kuzunguka dawati kwa dawati.

Na nunueni spika, jamani. Kwa darasa la watoto sitini, sauti ya kompyuta mpakato haivuki mstari wa tatu.