"Haiingii maji" na "inastahimili maji" si kitu kimoja

"Mama, we oga tu, hiyo haiingii maji." Kijana wa duka la dawa, Kariakoo, alikuwa anamtoa hofu mteja aliyenitangulia. Kwenye mkono wa yule mama, juu ya kiwiko kwa nyuma, kulikuwa na kihisi cha sukari, kidude cha mviringo. (Wengine wanakiita sensa. Sensa ni ya kuhesabu watu, jamani.) Kuoga, sawa. Ila hilo "haiingii" limenichosha.

Vihisi vya kubandikwa kwenye ngozi hupima mwili mfululizo, usiku na mchana: sukari, mapigo ya moyo, joto. Havivuliwi, kwa hiyo vimezibwa maji yasifike kwenye umeme wake. Basi.

Kuzibwa huko kuna mwisho, na Kiswahili kinalo neno lake: kustahimili. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi ule ule wa kubeba uliotupa hamali na mhimili. Hamali anabeba magunia mawili. Mwongezee matatu uone. FreeStyle Libre 2, kihisi kimojawapo cha sukari kinachokaa mwilini hadi siku 14, mtengenezaji wake amekitajia mzigo wake: mita 1 ya maji, dakika 30. Alama ya IPX7, kipimo cha kimataifa cha kifaa kustahimili maji, inasema hivyo hivyo, tena kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia. Haisemi kitu kuhusu chumvi ya bahari ya Kigamboni wala maji ya kupigwa kwa mpira.

Halafu hayo yote ni maji ya nje. Dar ya Februari, ukiwa umesimama kwenye daladala, maji yanatoka chini, kwenye ngozi yenyewe. Ukiiziba ngozi kabisa, jasho linakosa pa kwenda; ngozi inalainika, inakuwa nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua, na gundi inaachia ukingoni. Ndiyo maana kibandiko kizuri huachia mvuke upite huku kikizuia matone. Kidude kizibwe, kibandiko kipumue: ni kazi mbili, na "haiingii maji" inazifanya moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa duka la dawa, siku nyingine mwambie: "Mama, inastahimili maji, mita moja, nusu saa. Ukitoka kuoga, kausha kingo zake kwa taulo, taratibu, usisugue."