Kupanga safari ya ndege hakuhitaji hisabati ya chuo kikuu

Imani hii imekaa miaka mingi: asiyebobea katika hisabati hawezi kupanga safari ya ndege, hata kwenye simuleta ya kompyuta. Imewakatisha tamaa vijana wengi bure. Hesabu za shule ya msingi zinatosha.

Chukua Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, kama maili 40 za baharini. Kwa mwendo wa maili 100 kwa saa, ni dakika 24.

Kinachotisha zaidi ni kushuka. Uko futi 5,000, unataka ukikaribia uwanja uwe futi 1,000. Unapunguza futi 4,000. Kila futi elfu ipe maili tatu: anza kushuka zikibaki maili 12. Kwa kasi ipi? Zidisha mwendo kwa tano: futi 500 kwa dakika. Tazama sindano ya kipimo cha kasi ya kushuka, itulize hapo. Ni makadirio, lakini yanakuweka karibu na nyuzi tatu, mteremko wa kawaida hata kwa ndege kubwa za abiria.

Kusi ikikusukuma mgongoni hadi maili 120 kwa saa, sindano isome 600.