Mimba ya Pili na Zinazofuata: Mabadiliko ya Mwili na Maisha ya Kila Siku

Katika kliniki zetu za wajawazito, mama mwenye mimba ya kwanza kwa kawaida hufika mapema na maswali mengi, ilhali yule aliyekwisha kuzaa mara mbili au tatu huja tumbo likiwa limeshaonekana, mara nyingine mwezi wa sita, na akiulizwa sababu hujibu kwamba mambo haya anayajua. Ni kweli anayajua mengi, na mkunga mwenye busara humsikiliza. Hata hivyo, anachokijua ni mimba iliyopita. Mwili unaobeba mimba ya sasa umeshabadilishwa na uzazi ule wa awali, na baadhi ya mabadiliko hayo hayaonekani kwa macho wala hayasikiki kwa maumivu.

Tuanze na yale anayoyaona mwenyewe. Misuli ya tumbo iliyotanuka katika mimba ya kwanza hairudi kukaza kama zamani, na kwa sababu hiyo tumbo huchomoza wiki kadhaa mapema zaidi. Majirani huanza kusema ni mapacha, au kwamba mama amekosea kuhesabu tarehe zake. Ukubwa wa tumbo peke yake hauthibitishi mapacha. Kipimo cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24 ndicho kinachothibitisha, na ndicho pia kinachosaidia kukadiria umri wa mimba kwa mama ambaye alishika mimba akiwa ananyonyesha, kabla hedhi yake haijatulia. Mtoto naye husikika mapema, mara nyingi kati ya wiki ya 16 na 18, ilhali katika mimba ya kwanza wengi husubiri hadi karibu wiki ya 20. Tofauti hiyo inatokana zaidi na mama kuitambua ile hali ya kucheza kwa mtoto, ambayo mara ya kwanza aliidhania kuwa gesi tumboni.

Mikazo ya tumbo isiyo na mpangilio, inayokuja na kupotea bila kuongezeka nguvu, husikika zaidi na huanza mapema katika mimba zinazofuata. Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kichwa cha mtoto. Katika mimba ya kwanza kichwa huteremka kwenye nyonga wiki chache kabla ya kujifungua, na mama hupata nafuu ya kupumua. Katika mimba zinazofuata huenda kisiteremke mpaka uchungu uanze. Mama anayesubiri tumbo lishuke ndipo afunge mzigo wa hospitali anaweza kukuta uchungu umeshamfikia.

Maumivu ya mgongo na ya mfupa wa mbele ya nyonga, bawasiri, na mishipa ya miguu iliyotuna ni malalamiko ambayo huongezeka kadiri idadi ya mimba inavyoongezeka. Kukaa na miguu iliyoinuliwa, kutosimama kwa muda mrefu, kunywa maji ya kutosha na kula mboga na matunda husaidia. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na maumivu, hilo ni suala la kwenda kituoni siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kuna pia tatizo linalozungumzwa kwa sauti ya chini: mkojo kuponyoka wakati wa kukohoa au kucheka. Misuli ya sakafu ya nyonga imelegea, na inaweza kuimarishwa kwa kuikaza kana kwamba mtu anazuia mkojo, kuishikilia kwa sekunde chache, kuilegeza, na kurudia mara kadhaa kila siku. Zoezi hili linafanyika hata ukiwa unachambua mchele, wala hakuna atakayejua.

Maisha ya nyumbani ndiyo yanayoitofautisha zaidi mimba ya pili. Mara ya kwanza mama alipochoka alilala. Safari hii kuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetaka kubebwa, na ndoo ya maji haijajileta yenyewe kutoka bombani. Kumbeba mtoto si kosa katika mimba isiyo na matatizo, ila namna ya kumbeba ina maana. Mama akunje magoti na kuchuchumaa badala ya kuinama kiunoni, amvute mtoto karibu na kifua, kisha ainuke kwa nguvu ya miguu. Akiketi kwenye kigoda na kumwacha mtoto apande mwenyewe mapajani, atakuwa amejipunguzia mzigo mara nyingi kwa siku. Ndoo nzito ni kazi ya mtu mwingine, na hapa ninawaambia akina baba waziwazi: mke aliyekwisha kuzaa hana mwili imara zaidi wa kubeba mizigo akiwa mjamzito. Kuanzia wiki ya 28 inashauriwa alale kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, hata kama mtoto mkubwa bado analala pembeni yake.

Suala la kunyonyesha huleta hofu nyingi kuliko yote. Wapo wanaomwachisha mtoto ziwa siku ileile mimba inapojulikana, kwa kuogopa kwamba atabemendwa. Maziwa ya mama mjamzito hayana sumu. Yanapungua kadiri mimba inavyokua, na ladha yake hubadilika mwili unapoanza kutengeneza maziwa ya mwanzo kwa ajili ya mtoto ajaye, hata wengine wakayakataa wenyewe. Mtoto anayedhoofika baada ya mama kushika mimba kwa kawaida amekosa chakula cha kutosha, kwa kuwa ameachishwa ghafla na kupewa uji mwepesi usio na kitu. Mama mwenye afya njema anaweza kuendelea kunyonyesha, akiongeza mlo wake na wa mtoto. Mwenye historia ya kuzaa kabla ya wakati, anayetoka damu au mwenye mapacha tumboni apate kwanza ushauri wa mtaalamu.

Sasa tuje kwenye lile lisiloonekana, yaani damu. Mimba moja humgharimu mama takriban miligramu 1,000 za madini chuma: sehemu huenda kwa mtoto na kondo la nyuma, sehemu hutumika kutengeneza damu ya ziada ambayo mwili wa mjamzito huihitaji, na nyingine hupotea wakati wa kujifungua. Akiba hiyo hairudi kwa miezi michache ya kula ugali na mchicha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kujaribu kushika mimba nyingine. Mama aliyeshika mapema zaidi asilaumiwe, ila apimwe mapema.

Ugumu ni kwamba upungufu wa damu hujificha vizuri sana kwa mama mwenye watoto. Anachoka, moyo unamwenda mbio akipanda mlima, kichwa kinamwuma jioni, na yote hayo anayahesabu kuwa ni usumbufu wa watoto. Tunapotazama kiganja chake na sehemu ya ndani ya kope ya chini huenda bado pana wekundu, kwa sababu weupe hujitokeza pale upungufu unapokuwa umeshakua. Kipimo cha wingi wa damu ndicho kinachosema: chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali unaohitaji hospitali. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi hutolewa kliniki, navyo hubadilisha choo kuwa cheusi na wakati mwingine huleta kichefuchefu, jambo linalofanya vingi viishie kabatini. Vikimezwa usiku baada ya chakula huvumilika zaidi. Visimezwe na chai, iwe ya rangi au ya maziwa, kwa kuwa chai huzuia madini hayo yasifyonzwe. Chungwa au embe husaidia. Tabia ya kula udongo nayo huzuia madini chuma, na inaweza kuingiza minyoo inayonyonya damu hiyohiyo.

Malaria huwaathiri zaidi wenye mimba ya kwanza, lakini mimba ya tatu haitoi kinga kamili. Chandarua chenye dawa na vidonge vya SP vya kukinga malaria kuanzia miezi mitatu ya kati vinaendelea kuhitajika, isipokuwa kwa mama anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi wanayopewa hasa wenye VVU, ambaye hapewi SP. Vipimo vya VVU na kaswende navyo hurudiwa kila mimba, kwa sababu majibu ya mwaka juzi ni ya mwaka juzi. Mama mwenye kundi la damu la Rhesus hasi, yaani damu isiyo na protini iitwayo Rhesus, aliyemzaa mtoto wa Rhesus chanya, mwenye protini hiyo, huenda mwili wake umetengeneza kingamwili zinazoweza kuharibu damu ya mtoto wa sasa. Kadi ya zamani, hata ikiwa imechanika, iletwe.

Uchungu wa mimba zinazofuata huenda haraka zaidi. Njia ikishafunguka sentimita 5, hatua iliyobaki hadi kufunguka kabisa kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mzazi wa kwanza na saa 10 kwa aliyewahi kuzaa, na kwa wengi humalizika mapema zaidi. Mama aliyekaa na uchungu mchana kutwa kwa mtoto wa kwanza asisubiri vivyo hivyo nyumbani. Wala asinywe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu: mfuko wa uzazi uliokwisha kuzaa mara nyingi, au wenye kovu la upasuaji, unaweza kupasuka. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji, na mwenye mimba ya tano au zaidi, wajifungulie mahali penye uwezo wa kupasua na kuongeza damu, kwa kuwa hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni kubwa zaidi kwao.

Baada ya mtoto kutoka, maumivu ya tumbo wakati wa kunyonyesha huwa makali zaidi kuliko mara ya kwanza. Ni mfuko wa uzazi unaojikaza kurudi mahali pake, na hupungua ndani ya siku chache. Parasetamoli hutosha kwa wengi. Mama mwenye watoto nyumbani huomba kuruhusiwa mapema, lakini inashauriwa akae kituoni angalau saa 24. Akishaondoka, pedi au kitambaa kikilowa damu ndani ya saa moja, au akipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu, arudi kituoni mara moja, iwe usiku au mchana.