Wote AS? Ile robo ni ya kila mimba

Tangu tulipopima watu tarehe 19 Juni, siku ya selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi) duniani, simu haziishi na swali ni lilelile: mimi AS (nimebeba selimundu ila siumwi), mwenzangu AS, tumeshampata mmoja mgonjwa, si watatu wanaofuata watakuwa wazima? Hapana jamani. Mimba ya pili haijui ya kwanza ilikuwaje.

Mzazi mwenye AS anampa mtoto A (jini ya kawaida) au S (jini ya selimundu), moja tu, na hakuna anayechagua. Chora boksi la vyumba vinne, juu weka A na S za baba, ubavuni A na S za mama, kisha jaza. Utapata AA moja, AS mbili, na SS moja, yaani mgonjwa, ndo robo yenyewe. Hiyo robo inarudi upya kila mnapobeba mimba, ndo maana wapo wenye watoto wanne wote wazima na wapo wenye watatu wote SS, na hakuna aliyerogwa. AS na AA hawampati SS, AS na SS ni nusu AS nusu SS, SS na AA watoto wote ni AS.

Juzi dada mmoja amekaa mbele yangu na binti zake wawili, wote SS, mdogo vidole vimevimba kama vitumbua, na ukweni wanamwambia damu yake ndo mbaya. Nikageuza fomu nikamchorea. Akafuata kwa kidole, S hii ya kwangu, S hii ya baba yao. Akaikunja ile karatasi akaitia kwenye pochi ampelekee mama mkwe.

Sasa kipimo. Tafadhali msije na kadi ya kuchangia damu, O+ ni grupu, haihusiani kabisa na AS, hili tumelisema mpaka tumechoka. Kile kipimo cha haraka cha sickling kinaonyesha S ipo ila hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto chini ya miezi sita kinaweza kusema hamna wakati ipo, kwa hiyo omba kipimo cha kutenganisha himoglobini, ile protini nyekundu ya damu ambayo A na S ni aina zake. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu aseme mapema, tusije tukasoma damu ya mtu mwingine. Majibu anapewa mwenyewe, hatumpi mchumba wala mchungaji, na kuchezea herufi kwenye fomu ya majibu ni kughushi, ni kosa la jinai, unashtakiwa. Zipo pia aina nyingine za himoglobini, kwa hiyo majibu ya mtoto yasipolingana na boksi msihukumiane ubaba kwa fomu, muoneni daktari kwanza.

Mwenye mtoto wa SS tayari, boksi halimsaidii tena, kinachomsaidia ni penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka 5, vidonge vya foliki, maji ya kutosha, chandarua, na homa ikipanda usiku mlete usiku huohuo.