"Gross" na "net": kilo ya korosho inayodaiwa kuliwa

Kila msimu wa korosho malalamiko ni yale yale kwenye vyama vya msingi vya ushirika, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa: "Mzani umesoma 81, risiti imeandikwa 80. Kilo yangu imeliwa." Mara nyingi hakuna aliyekula kitu. Mkulima kasoma "gross", karani kaandika "net".

"Gross" ni kila kilichokaa juu ya mzani, korosho pamoja na gunia. "Net" ni korosho peke yake, na ndiyo inayolipiwa. Gunia tupu la juti hukaribia kilo moja, kwa hiyo anayetaka asikatwe hata gramu anataka mnunuzi anunue juti kwa bei ya korosho. Haiwezekani.

Lakini makarani nao wasijifiche hapo. Gunia hukatwa kwa uzito wake lenyewe, basi. Kukata kilo mbili "kwa tahadhari" ni kosa. Tena ipo mizani ya kidijitali ambayo gunia tupu hutangulizwa juu yake, kitufe kikabonyezwa, namba zikarudi sifuri. Korosho zikijazwa baada ya hapo, kinachosomeka tayari ni "net". Ukikata gunia tena umemkata mkulima mara mbili. Unyevu na uchafu ni suala la ubora, halina nafasi kwenye hesabu hii.

Waliouza kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua kwa bakuli nje ya chama, hawana "gross" wala "net" ya kudai, tusichoshane.

Kabla ya kupima, hakikisha mzani una stika hai ya Wakala wa Vipimo, umekaa pasipo mteremko na unasoma sifuri. Ukiwa na shaka, sema gunia lako likiwa bado mbele yako. Likishachanganywa na mengine ghalani, ushahidi umekwenda. Tunza risiti, kisha fika ofisi yetu ya Wakala wa Vipimo, Mtwara au Lindi. Afisa ataujaribu mzani kwa mawe yaliyohakikiwa. Ukionekana mbovu, utazuiwa kutumika, utatengenezwa na fundi mwenye leseni, kisha utahakikiwa upya kabla haujarudi kazini. Aliyeuchezea mzani kwa makusudi atashughulikiwa kwa Sheria ya Vipimo, Sura 340: anaweza kukiri kosa kwa maandishi na kulipa faini, na asipokiri, jalada linakwenda mahakamani.