Ushirikishwaji wa jamii katika afya: maana yake, na kitini chake kiweje

Ukikaa kwenye semina ya afya katika ofisi ya serikali ya mtaa, iwe Tandale au Vingunguti jijini Dar es Salaam, neno "ushirikishwaji" utalisikia kabla chai haijaletwa. Litazame lilivyoundwa: shiriki, shirikisha, shirikishwa. Jamii imewekwa upande wa kutendwa. Yupo mwingine anayeishirikisha. Anaishirikisha katika lipi? Hapo ndipo penye maana.

Ushirikishwaji wa jamii ni wakazi kuwa na kauli katika kuamua tatizo lipi lianze, litatuliwe vipi, na nani akague kama kazi imefanyika. Azimio la Alma-Ata la 1978, lililotoka kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya msingi ya afya, lilitamka kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kupanga kumetangulia. Gari la matangazo linalopita mitaani kuhimiza chanjo linafanya uhamasishaji. Kazi nzuri, ila ni kitu kingine.

Sasa njoo kwenye zana za mafunzo: mwongozo wa mwezeshaji, kitini (maandishi ya mafunzo anayopewa mshiriki), bango kitita (karatasi kubwa za kufunua moja moja), visa mkasa (hadithi fupi za kujadili), igizo dhima (kuigiza nafasi ya mtu fulani). Nyingi zimejaa habari za ugonjwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anatoka semina akizijua dalili za kipindupindu kwa mpangilio, lakini hajui amjibu nini mama anayemwambia, "Maji ya kisima hicho ndiyo ninayoyamudu."

Chukua dengi, homa inayoenezwa na mbu, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake huuma mchana na hupenda maji yaliyotuama kwenye mapipa, makopo na matairi. Kitini cha kawaida kitaagiza: mwaga maji yaliyotuama. Mwambie hivyo mtu ambaye bomba lake halitoki kila siku, na pipa ndilo akiba yake ya wiki! Atakuitikia "sawa", mgeni haaibishwi, kisha pipa litabaki vilevile.

Kitini cha ushirikishwaji kingemfundisha mhudumu kuuliza kwanza: maji mnayapata siku zipi? Nani anayateka? Pipa huisha lini? Majibu yakishatoka, ndipo elimu ya mbu inapopata pa kushika. Mayai ya mbu huyu hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi bila kufa. Kumwaga peke yake hakutoshi. Pipa likiisha, lisuguliwe ndani kabla ya kujazwa tena, na lifunikwe vizuri. Yai huchukua wiki moja hivi, au zaidi kidogo, kuwa mbu, kwa hiyo siku ya kusugua wapange wenyewe kufuatana na siku zao za maji. Utaalamu wa mbu umetoka kwa mhudumu, ratiba imetoka kwa wenye mapipa.

Dar es Salaam ina mfano wa ushirikishwaji wa namna hii. Mpango wa kudhibiti malaria ulioanza 2004 uliwatumia wakazi kukagua madimbwi yenye viluwiluwi, wakigawana maeneo kwa mashina ya nyumba kumi kumi na kuyachorea ramani kwa mkono. Ramani hizo zilipowekwa pamoja na picha za kutoka angani, vikaonekana viwanja ambavyo havikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Zoezi la namna hiyo, kutembea mtaani na kuchora, mimi naliona bora kuliko kurasa kumi za nadharia.

Kabla ya kuchapa, rasimu ijaribiwe. Mpe mama lishe na kijana wa bodaboda picha moja moja, bila maelezo, wakueleze wanaona nini. Na katika mwongozo wa mwezeshaji, chini ya kila swali pawe na mistari mitupu ya kuandikia majibu ya wakazi, pamoja na nafasi ya kujaza nani atayafikisha kwenye mkutano wa mtaa, na tarehe gani.