Eti laibrari ikiwa ya kisasa lazima ivunje za watu? Tuongee kidogo

Wiki mbili hizi nabishana na vijana wa pale Ng'ong'ona, jirani na UDOM, kuhusu laibrari za openi sosi, yani hivi vipande vya programu ambavyo mtu anaandika anaviachia bure wengine wavichomeke kwenye programu zao. Ubishi wenyewe ni kwamba ukiamua kuifanya ya zamani iwe ya kisasa, je wale waliojenga juu yake uwalinde au waende na maji? Mengi yanayosemwa hata mimi niliyaamini mpaka yakanikuta.

"Ukilinda za zamani huwezi kuboresha kitu"

Hii ndo naisikia sana na ndo ya uongo kuliko zote. SGR, ile reli ya kisasa ya umeme, ilipoanza kuleta abiria Dodoma 2024 hamna aliyeng'oa reli ya kati ya Mjerumani, ile ya upana wa milimita 1,000 ipo na treni zinapita, ya kisasa ina milimita 1,435 imejengwa pembeni, mwenye safari ya Kigoma bado anapanda ya zamani huku wa Dar anakimbizwa na umeme. Na kwenye laibrari mambo ni rahisi kuliko reli maana mtumiaji haoni ndani, yeye anaona mlango tu, ukitaka pangua vyumba vyote ubadilishe na paa, mradi mlango uko palepale na ufunguo wake unaingia. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta wa openi sosi, ndo wanaishi hivyo. Linus Torvalds aliyeuanzisha ana msimamo mmoja mkali, kernel, yani kiini cha mfumo, isivunje programu za watumiaji, lakini ndani ya hiyo kernel wanabomoa na kujenga kila leo.

"Jina la fankisheni sijagusa, kwa hiyo sijavunja kitu"

Hapa nimeungua mwenyewe. Nina kalaibrari kangu ka kusafisha namba za simu. Unaipa namba iliyoandikwa vyovyote, yenye nafasi katikati, yenye vistari, inayoanza na 07 au 06, fankisheni (kipande cha koodi unachokiita kwa jina kifanye kazi) ya safisha inakurudishia tarakimu 12 zinazoanza na 255. Basi nikaamua kuifanya ya kisasa, nikaandika upya yote, nikaona namba za kimataifa zina alama ya kujumlisha mbele nami nikaiweka. Alama moja tu. Jina lilelile, testi zote kijani, yani majaribio yote yamepita (na testi nilizirekebisha mwenyewe zikubali hiyo alama, kwa hiyo zilikuwa zinanishuhudia mimi kwa mimi).

Siku ya tatu napigiwa na mzee mmoja ana ghala la mahindi Kibaigwa.

"Mwanangu, tangu juzi wakulima wangu hawapati meseji za bei, na kwenye kompyuta inasema zimetumwa."

"Shikamoo mzee, nani aliwatengenezea hiyo programu?"

"Marahaba. Kuna kijana alitengeneza akahamia Mwanza, ndo kanipa namba yako anasema kitu chako kimo humo."

Nikapanda basi nikaenda. Kumbe databezi yao, yani programu ya kuhifadhi data iitwayo MySQL, ni ya zamani na safu ya simu ilitengewa herufi 12 tu, mimi nimeleta 13, basi ikameza 12 za mwanzo na tarakimu ya mwisho ikadondoka kimyakimya, hamna kosa lililoonekana popote. MySQL za kuanzia toleo la 5.7 kwa kawaida zingegoma pale pale na kosa lingejulikana siku ileile, ile ya kwao ilikata tu ikaendelea. Kila mkulima aliyesajiliwa baada ya apudeti alikuwa na namba pungufu. Tulikaa na daftari la karani tukizirudisha moja moja mpaka jioni, na mzee wa watu akaninunulia chai, aibu niliyoisikia hiyo siku sitaki hata kuielezea.

Wenzetu wana jina la jambo hili, Sheria ya Hyrum: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, chochote kinachoonekana kwenye tabia ya kitu chako, uwe umekiahidi au hujakiahidi, kuna mtu atakuwa ameshakiegemea. Mimi sikuwahi kuahidi tarakimu 12 sehemu yoyote. Kibaigwa waliegemea hivyohivyo.

"Onyo nimeweka, asiyesoma shauri yake"

Swali ni nani analiona hilo onyo kwamba kitu kitafutwa. Python yenyewe, lugha ya kuandikia programu, kuanzia toleo la 2.7 ilizima maonyo ya vitu vinavyoelekea kufutwa, na baadaye ikayarudisha kwa sehemu tu, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka na onyo lisimfikie. Mfano, kuchukua kifaa kiitwacho Mapping moja kwa moja kutoka collections, laibrari inayokuja na Python, kulishawekewa mpango wa kuondolewa tangu 3.3, ikaja kufutwa kweli kwenye 3.10 mwaka 2021, na bado programu zikaanguka huku watu wakishangaa kana kwamba ni jambo la usiku mmoja.

"Nimeita 2.0, sina deni tena"

Namba ya toleo inamwambia mtu kwamba kuna kitu kimevunjika, haimbebei mzigo. Python 3 ilitoka Desemba 2008, ikavunja waziwazi, 3/2 iliyokuwa inatoa 1 ikawa inatoa 1.5, maandishi yakabadilika namna ya kushikwa, na namba ya toleo iliandikwa kihalali kabisa. Watu hawakuhama! Mwisho wa kuihudumia Python 2 ulipangwa 2015 ukasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Na kinachonifurahisha mimi, kwenye 3.3 ya mwaka 2012 waliirudisha ile herufi u iliyokuwa inaandikwa mbele ya maandishi kwenye Python 2, waliyokuwa wameifuta, haina kazi yoyote kwenye Python 3, kazi yake ni kumwacha mtu aandike faili moja linalokubali kote kuwili. Walimjengea mtu daraja baada ya kuona anashindwa kuruka.

"Basi usivunje kamwe"

Nayo siyo. PHP 7, toleo la lugha ya kutengenezea tovuti, ilipotoka Desemba 2015 ilitupa kabisa mysql_query na ndugu zake, fankisheni za kuongea na databezi ya MySQL, na ilikuwa sawa, zile zilichoka, hazina namna ya kutenganisha swali na data ya mtumiaji, na mbadala ulikuwepo miaka mingi. Zilitangazwa zimepitwa na wakati kwenye 5.5, mwaka 2013. Kuna mifumo hapa mjini najua bado inazo lakini tusitajane.

Ya kwangu sasa hivi iko hivi, safisha inarudisha 12 kama zamani, anayetaka alama ya kujumlisha anaita safisha_kimataifa, na kwa ndani zote mbili zinatumia koodi ileile mpya. Kuna na fankisheni nyingine niliikosea herufi toka siku ya kwanza, inaitwa hakiki_namaba, na nimejifariji nilipojua kwamba hata kwenye wavuti ile Referer ambayo brauza inatuma kusema umetokea ukurasa gani imekosewa herufi (ilipaswa kuwa Referrer) tangu miaka ya 1990 na inatumwa hivyohivyo mpaka leo. Juzi kijana mmoja wa Ng'ong'ona kaniletea marekebisho kaifuta. Nikamwambia andika hakiki_namba, halafu namaba irudishe na iite hiyo mpya kwa ndani. Kanuna, kaandika, mistari miwili.